UZI: Kiti cha magurudumu kimeletwa. Na mama anayekisukuma?

1/ Kila msimu wa siasa picha ni ile ile. Tenti, spika, mtoto ndani ya kiti kipya cha magurudumu, mheshimiwa anatabasamu, makofi. Pembeni, nusu yake imekatwa na kamera, amesimama mama. Leo tuongee kuhusu huyo mama, kwa sababu 2027 ikikaribia ahadi zitakuwa nyingi na maelezo yatakuwa machache.

2/ Tuchukue Kithyoko, Masinga, pale barabara ya Thika–Garissa, kati ya Matuu na Mwingi. Ni kaunti ya Machakos, lakini lami inayopita hapo inakupeleka Thika, si Machakos mjini. Ukitoka lami kuingia vijijini ni mchanga na makorongo. Kiti cha magurudumu madogo, kile kinachopendeza kwa picha, hapo hakiendi mbali.

3/ Kwa hivyo mama anabeba. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuwa na kilo 20 na zaidi. Huo ni mtungi wa lita 20 uliojaa, na kila mtu Ukambani anaujua uzito wake. Tofauti ni kwamba mtungi unautua ukifika nyumbani. Mtoto anabebwa kwenda chooni, kuoga, kitandani, kivulini, na usiku anageuzwa asipate vidonda. Kila mwaka anaongezeka kilo, na mgongo wa mama ni ule ule.

4/ "Si serikali huwapa pesa?" Ndiyo, baadhi yao. Mpango wa wenye ulemavu mkali, ulio chini ya Inua Jamii, ulianza 2011. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia, zinapokelewa na mlezi. Gawanya kwa siku 30: ni kama shilingi 66. Nepi, sabuni, nauli na chakula, vyote humo. Kiwango hicho kimekaa palepale zaidi ya miaka 10, na malipo huchelewa mara nyingi.

5/ "Basi afanye kazi kama wengine." Tuelewane hapa. Mpango wenyewe umelenga mtu anayehitaji mlezi muda wote. Yaani serikali inakubali kwamba hii ni kazi ya siku nzima, halafu tunamuuliza kwa nini hana kazi. Kibarua cha shambani kinamtaka asubuhi hadi jioni. Mtoto ataachiwa nani? Mara nyingi ni dada yake, ambaye naye anakosa shule. Ndiyo maana suala hili halimalizikii kwa mtoto mmoja.

6/ Tena kuna wasiohesabiwa. Sensa ya 2019 ilipata watu 916,692 wenye ulemavu, asilimia 2.2. Lakini hiyo ni ya walio na miaka 5 kwenda juu. Watoto wachanga hawamo, na huo ndio umri mama anazunguka hospitali akiuliza kwa nini mtoto hakai, kwa nini shingo haishiki.

7/ Na majibu anayopata nyumbani? "Amelogwa." "Ni laana ya kwenu." Hapana. Mtindio wa ubongo unaweza kutokana na mtoto kukosa hewa akizaliwa, umanjano mkali usiotibiwa mapema, au homa ya uti wa mgongo. Mguu uliopinda tangu kuzaliwa mara nyingi hunyooshwa kwa plasta mtoto akipelekwa mapema. Lawama inamchelewesha mama nyumbani wakati alipaswa kuwa kliniki.

8/ Wababa, hii ni yenu. Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya malezi ya wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la. Kuhama kwa sababu mtoto hatembei si "kutafuta amani". Ni kumwachia mwenzako mzigo ambao sheria imewapa nyote wawili.

9/ Sasa siasa: nani anahusika na nini? Hapa ndipo tunadanganywa sana.
• Inua Jamii ni bajeti ya kitaifa, inapitishwa na Bunge la Taifa. MCA akiahidi kuiongeza, mwulize ataipitishia wapi.
• Hospitali za kaunti, zahanati, chekechea na vituo vya kulelea watoto ni kazi ya kaunti. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akikosekana, mwulize gavana, si mbunge.
• Mwakilishi wa Wanawake ana mfuko wa NGAAF, ambao watu wenye ulemavu ni kati ya walengwa.

10/ Shule nayo? Kuna shule za watoto wenye ulemavu wa viungo: Joytown iko Thika, na Machakos kuna ya Masaku. Mtoto akipata nafasi, anasoma na mama anapumua. Lakini chekechea ya karibu yenye choo anachoweza kutumia ingewasaidia wote wawili mapema zaidi, na hiyo ni kazi ya kaunti.

11/ Matibabu? SHA kwa asiye na mshahara ni angalau shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Sheria ya 2023 inasema wasiojiweza walipiwe na serikali. Kwa hivyo swali si "mama, umelipa?" Swali ni "mama, uko kwa ile orodha? Kama hauko, nani ameiandika?"

12/ "Serikali haina pesa." Tukubali kwanza: kuongeza zile 2,000 kwa nchi nzima ni pesa nyingi. Lakini si kila kitu kinangoja mabilioni. Mtaalamu wa mazoezi aje zahanati siku moja kwa mwezi, badala ya akina mama 15 kulipa nauli. Upimaji wa ulemavu na usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu ufanywe karibu, siku ya baraza la chifu. Akina mama washikwe mkono waunde kikundi, mmoja akienda sokoni mwingine anaangalia watoto. Ukambani mwethya tunaujua tangu zamani: leo shamba langu, kesho lako. Malezi pia yanaweza kuendeshwa hivyo.

13/ Kwa hivyo mgombea akija, muulize haya matatu:
a) Kiti hiki kimepimwa kwa mtoto huyu? Akikua au kikivunjika, nani atatengeneza? Kiti kisichomtosha kinaleta vidonda na kupindisha mgongo.
b) Mtaalamu wa mazoezi yuko wapi, na anakuja siku gani?
c) Mama akiugua, nani anamshikia mtoto?

14/ Hilo la mwisho ndilo akina mama hawa hulala nalo usiku: "Nikifa mimi, huyu atabaki na nani?" Mheshimiwa akileta kiti tukipokee, tuseme asante. Halafu kabla hajapanda gari, maikrofoni apewe yule mama aliyesimama pembeni, na mheshimiwa akae amsikilize mpaka amalize.