Kwa Nini Waarabu wa Mwanzo Waliupinga Uzayuni?

Vijana wetu huuliza: je, Waarabu waliupinga Uzayuni kwa kuwachukia Mayahudi? Tukirejea historia, tunakuta suala la mwanzo lilikuwa ardhi.

Mwaka 1899 Yusuf Diya al-Khalidi, aliyewahi kuwa meya wa Baitul Maqdis, alimwandikia rabi mkuu wa Ufaransa, na barua ikamfikia Herzl, kiongozi wa Wazayuni. Hakukanusha kuwa Mayahudi wana historia Palestina. Hoja yake ni kwamba nchi ile ina wenyewe.

Mwaka 1910 matajiri wa Beirut, ukoo wa Sursuq, waliiuza ardhi ya al-Fula, na wakulima wakatakiwa wahame. Shukri al-Asali, mtawala wa Nazareth chini ya dola ya Uthmania, alikataa kuikabidhi. Aliyepiga mbiu dhidi ya Uzayuni katika gazeti la al-Karmil la Haifa, Najib Nassar, alikuwa Mkristo. Na waliouza ardhi walikuwa Waarabu.

Basi ndugu zangu, tuwafundishe watoto wetu: dhulma tuiite dhulma, lakini tusimfanye mtu adui kwa sababu ya dini yake. Uadilifu ni wajibu hata kwa tusiyempenda.

Wallahu aalam.