Bei ya Kudai Haki ya Marehemu

Anayetoka Mafinga kwenda Makambako huipita Nyololo haraka. Ataona maduka ya kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, bodaboda wakisubiri abiria, na njia panda ya kwenda Igowole, Kibao na Mgololo ambako malori ya magogo huingia na kutoka. Hapo ndipo Jumapili ya tarehe 2 Septemba 2012 alipouawa Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa. Alikuwa kazini, siku polisi walipowatawanya wafuasi wa CHADEMA waliokuja kufungua matawi ya chama. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa, mbele ya Jaji Paul Kihwelo, ilimtia hatiani askari polisi Pacificus Cleophace Simon kwa kosa la kuua bila kukusudia. Akapewa kifungo cha miaka 15.

Kwa wasomaji wa magazeti, habari iliishia hapo. Kwa familia yoyote iliyofiwa kwa namna hiyo, hukumu ya jinai haileti ada ya shule, haijazi debe la mahindi, wala hailipi deni la mazishi. Jinai ni kesi ya Jamhuri, na ndugu wa marehemu wanaingia humo kama mashahidi tu. Mwenye kutaka fidia ana milango mingine, kila mmoja na bei yake na saa yake ya kufungwa. Kwa maoni yangu, kinachowaponza wengi si bei, ni saa.

Hebu tupige hesabu ya tarehe. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, madai yanayotokana na madhara aliyokufanyia mtu, yaani uzembe, shambulio na mengine ya aina hiyo, yana miaka 3. Tukihesabu tangu Septemba 2012, miaka hiyo inaisha Septemba 2015. Hukumu ya jinai ya Iringa ilitoka Julai 2016, miezi kumi baadaye. Familia inayosema “tusubiri kwanza kesi ya polisi iishe ndipo tudai” inaweza kushinda kwa mkono mmoja na kukuta mkono wa pili umekwisha kukatwa. Na kuna ukomo mfupi zaidi: madai ya fidia kwa jambo lililofanywa kwa kisingizio cha kutekeleza sheria yana mwaka 1 tu, na ni rahisi sana wakili wa Serikali kulisukuma dai dhidi ya askari liingie kwenye fungu hilo. Kwa hiyo ukifiwa mikononi mwa chombo cha dola, hesabu mwaka, usihesabu mitatu.

Aliyechelewa ana upenyo mmoja ambao hata baadhi ya mawakili huusahau. Kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo kinampa Waziri mwenye dhamana ya sheria uwezo wa kuongeza muda, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, kwa kiasi kisichozidi nusu ya muda wa awali. Ni hisani, si haki, lakini barua ya kuomba haina gharama kubwa.

Sasa tuje kwenye milango yenyewe, tuanze na ule unaotajwa zaidi na kueleweka kidogo, yaani kesi ya madai dhidi ya Serikali. Hapa gharama ni nzito. Lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 kwa wizara au idara husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Kesi hufunguliwa Mahakama Kuu, kwa hiyo mtu wa Nyololo anajiandaa kwa nauli za Iringa kila tarehe inapopangwa, pamoja na malazi pale shauri linapoahirishwa hadi kesho yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mdaiwa, na kumwacha kunaiua kesi. Zaidi ya hapo, ukishinda huwezi kumtuma dalali wa mahakama akakamate magari ya polisi, kwa sababu mali za Serikali hazikamatwi. Unapewa hati, unaipeleka wizarani, unasubiri. Na ukishindwa, mahakama inaweza kukuamuru ulipe gharama za upande wa pili. Hata hivyo mlango huu ndio wenye fungu kubwa zaidi endapo utafunguka, na mlipaji wake hafilisiki.

Njia ya katiba, yaani shauri la haki ya kuishi iliyo katika Ibara ya 14, husikilizwa na majaji watatu wa Mahakama Kuu. Inafaa kama unataka tamko kwamba haki ilivunjwa. Kwa mjane anayetafuta pesa ya matunzo nisingeiweka mbele, hasa kwa kuwa mahakama hukurudisha ikiona kuna njia nyingine ya kawaida ambayo hukuitumia.

Mlango wa bure kabisa upande huo ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hulipi kitu kuwasilisha lalamiko, na Tume hufanya uchunguzi wake yenyewe. Katika kifo cha Mwangosi ilichunguza na mwaka huohuo wa 2012 ikasema waziwazi kwamba polisi walikiuka haki za binadamu na misingi ya utawala bora. Mwaka huo zilitoka pia taarifa ya kamati iliyoundwa na Waziri wa Mambo ya Ndani chini ya Jaji mstaafu Stephen Ihema, na ile ya Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri. Udhaifu wa Tume ni kwamba inapendekeza, haiamuru. Lakini sheria yake inairuhusu kwenda mahakamani yenyewe, na taarifa yake ina picha, maelezo ya mashahidi na mtiririko wa matukio ambao familia ingelazimika kuutafuta kwa pesa. Ningeichukulia kama mpelelezi wa bure.

Mauaji ya aina ya Nyololo, tushukuru, si ya kila siku. Kinachozitia familia za Mufindi, wilaya ilimo Nyololo, msiba mara kwa mara ni barabara. Machi 2015 huko Changarawe, nje kidogo ya Mafinga, basi lililotoka Mbeya likielekea Dar es Salaam liliangukiwa na kontena la lori na watu zaidi ya 40 wakafa kwa mara moja. Hapa mlango wa kwanza ni bima, na kuudai ni nafuu, kwa masharti.

Kila chombo cha moto kinachotembea barabarani lazima kiwe na bima ya mtu wa tatu. Wenye magari wengi huinunua kama karatasi ya kumtuliza trafiki. Kwa gari dogo la binafsi bei iliyozoeleka ni Sh118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Kwa familia iliyofiwa, karatasi hiyo ndiyo mfuko wa fidia. Chukueni namba ya gari siku ileile, kisha mhakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kabla hamjaambiwa kwamba ilikuwa imekwisha. Kampuni itadai fomu za polisi, yaani PF90, PF93 na PF115, ramani ya ajali, hati ya mashtaka na nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, cheti cha kifo kutoka RITA, na barua ya usimamizi wa mirathi. Kila karatasi ina safari yake na ada yake ndogo, na zote pamoja bado ni nafuu kuliko hatua ya kwanza tu ya kesi Mahakama Kuu.

Hukumu ya trafiki ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Dereva akikiri kosa na kupigwa faini, ndugu hukasirika: mtu amekufa, yeye amelipa faini akaenda zake! Hasira ni halali, lakini chukueni nakala. Kifungu cha 43A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya jinai iliyokamilika, baada ya muda wa rufaa kupita, ni uthibitisho wa mwisho kwamba mtu huyo alitenda kosa. Maana yake hamtaanza tena kubishana nani alikuwa upande upi wa barabara. Mtabishana kiasi tu.

Na kiasi kinapigwaje? Tuchukue mfano wa kubuni: fundi wa mbao Mafinga aliyekuwa akipata Sh450,000 kwa mwezi. Theluthi moja alijitumia mwenyewe, Sh300,000 zikaenda nyumbani. Kwa mwaka ni Sh3,600,000. Mahakama ikikubali kwamba angewatunza wategemezi kwa miaka 10 zaidi, dai ni Sh36,000,000. Mbele ya hesabu hiyo, “mkono wa pole” wa milioni mbili unaoletwa wiki ya msiba na mwenye gari unaonekana kwa sura yake halisi. Pokeeni rambirambi, hakuna ubaya, ila msisaini karatasi yenye maneno “hatutadai tena”. Kampuni za bima nazo zina karatasi ya aina hiyo, na ukiisaini umefunga mlango kwa mkono wako. Mkivutana na kampuni, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye hatozi malalamiko.

Suluhu ya wazee nayo ina nafasi yake. Inarudisha amani kati ya koo mbili zinazoishi jirani, na inalipa haraka jeneza na usafiri wa mwili. Haiwezi kuifuta jinai, na wazee wanaowaambia wajane “mkipokea hiki msiende polisi” wanawadanganya. Andikeni mbele ya mtendaji wa kijiji kwamba kilichopokewa ni msaada wa mazishi, basi.

Kama marehemu alikufa kazini, iwe kwenye mashine ya mbao, shamba la chai, kiwandani, au akiendesha lori la mwajiri, mlango bora kwa bei ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Hauulizi nani alizembea. Mwajiri ndiye anayechangia, asilimia 0.5 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Wategemezi hupata msaada wa mazishi na malipo ya kila mwezi, ambayo kwa mwenye watoto wadogo naona ni bora kuliko fungu moja linalogawanywa na wajomba katika kikao kimoja. Ajali iripotiwe ndani ya miezi 12. Kigugumizi hapa huwa ni cha mwajiri anayeogopa kuonekana hakuwasilisha michango. Msimsubiri, nendeni wenyewe na cheti cha kifo na ushahidi wowote wa ajira, hata kama ni daftari la malipo ya vibarua.

Karibu milango yote inadai ufunguo mmoja, nao ni msimamizi wa mirathi. Chini ya Sura ya 310, sheria ya madai ya vifo vya ajali, dai ni kwa manufaa ya mke au mume, wazazi na watoto wa marehemu, na kwa kawaida msimamizi ndiye anayelifungua. Kwa mirathi ya kimila au ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo inatosha, na ada yake ni ndogo. Kinachokula muda ni kikao cha ukoo na muhtasari wake. Nimeona koo zikivutana juu ya jina la msimamizi hadi mwaka ukakatika. Mke aliyekuwa akiishi na marehemu ndiye ningempendekeza, na shemeji wanaotaka kumsimamia waketi kama mashahidi.

Kuhusu wakili, viwango vya ada vimo katika Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, lakini anayeingia ofisini bila kujua la kuuliza hutajiwa jumla tu. Uliza: bei hii ni hadi hukumu au hadi pesa ipatikane? Nauli, nakala na ada za mahakama zimo? Ukihama katikati ya safari, nini kinarudi? Taka mkataba ulioandikwa na risiti. Asiye na uwezo ana njia mbili. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wilayani, ambao watakuandikia barua na kukuelekeza bila malipo. Na mwenye kesi nzuri lakini fukara anaweza kuiomba mahakama imruhusu kufungua shauri bila kulipia ada.

Arusha nako kuna mahakama mbili ambazo watu huzitaja kama kimbilio la mwisho. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika iliamuru Burkina Faso iilipe familia ya mwandishi Norbert Zongo, aliyeuawa mwaka 1998: faranga za CFA milioni 25 kwa mjane, milioni 15 kwa kila mtoto, milioni 10 kwa mzazi. Mtanzania wa leo hawezi kuiendea moja kwa moja, kwani Tanzania ilijiondoa katika tamko linaloruhusu watu binafsi kushtaki, na hatua hiyo ikaanza kazi Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki iko wazi, lakini ina ukomo wa miezi 2 tu tangu tukio, muda ambao matanga huwa hayajaanuliwa vizuri.

Mtu angeniuliza leo pale Nyololo aanze wapi na Sh100,000 mfukoni, ningemwambia azitumie zote kwenye karatasi: cheti cha kifo, nakala za polisi, mirathi. Lalamiko la Tume na dai la WCF ayapeleke bure wiki hiyohiyo. Notisi ya siku 90 kwa Serikali, kama muuaji alivaa sare, iandikwe kabla ya arobaini, na kesi ya jinai iachwe iende kwa mwendo wake.