Hofu Imshikapo Mtoto

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya jambo lililotupata nyumbani mwetu, maana twadhani limewapata wengi wenu, na walimu kadhalika.

Binti yetu wa miaka tisa alianza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Tulimpa dawa ya minyoo, isifae kitu. Ikifika saa nne, wenziwe wakiwa darasani, tumbo limepona naye anacheza uani. Tukamwita mvivu, tena, twaona haya kuandika, tukamchapa. Jumatatu iliyofuata alifika mlangoni akasimama, moyo ukimwenda mbio, jasho likimtoka, mikono ikitetemeka, akalia kwamba anakufa.

Ndipo tulipompeleka kwa daktari. Yafaa kufanya hivyo mara ya kwanza, maana pumu na maradhi ya moyo huweza kufanana na hofu. Daktari alimpima asione ugonjwa. Akatuambia ni hofu, tena hofu ya kweli, si hila.

Hofu ina njia yake mwilini. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Mtu aonapo hatari, tezi hizo hutia katika damu kitu kiitwacho adrenalini, moyo ukapiga upesi, pumzi zikawa fupi, tumbo likasokota. Hayo ni matayarisho ya kumkimbia simba. Lakini mwili wa mtoto hujitayarisha vivyo hivyo hata pasipo simba, kama yupo mwalimu mwenye hesabu ubaoni. Akipumua upesi mno, hewa ukaa hupungua katika damu, vidole vikafa ganzi, naye akazidi kuogopa. Hata hivyo hali hiyo haidumu. Kwa kawaida ukali wake hupungua baada ya dakika chache. Wakati huo maneno mengi hayafai. Tulijifunza kuketi karibu naye, kumshika mkono, na kupumua pamoja naye polepole, kama mtu apulizaye uji wa moto.

Wako watoto wasiolia. Mmoja hurudia kukojoa kitandani, mwingine huuliza mara kumi, "Mama, utarudi saa ngapi?", mwingine huwa mkali kwa wenziwe. Mwalimu amwonaye mtoto aombaye kutoka nje katika somo lile lile kila siku, asikimbilie fimbo.

Kosa letu la pili lilikuwa huruma. Tulimwacha akae nyumbani, naye akafurahi siku tatu; siku ya nne alilia kwa kuliona tu vazi lake la shule. Hofu ikikimbiwa huota mizizi.

Mwaka 1924 Bibi Mary Cover Jones wa Marekani alichapisha habari za mtoto aliyemwita Peter, asiyetimiza miaka mitatu alipoanza kumshughulikia, aliyeogopa sungura, panya mweupe, manyoya, hata pamba. Kwanza alimweka kucheza na watoto wasioogopa, akaanza kupata nafuu. Kisha mtoto akaugua, akalazwa hospitali, na siku ya kutoka mbwa mkubwa akawarukia yeye na muuguzi wake. Hofu ikarudi yote. Bibi huyo hakukata tamaa. Akampa Peter chakula akipendacho, na huku sungura akiwa kizimbani analetwa karibu kidogo kidogo, bila kumtisha. Mwisho Peter alimwacha sungura amgugune vidole.

Nasi tukafuata njia hiyo. Tulipomwuliza binti yetu kwa upole, usiku, taa ikiwa imezimwa, alisema kwamba aliwahi kukosea ubaoni, darasa zima likacheka. Siku ya kwanza tulikwenda naye hadi mwembe ulio njiani tukarudi. Siku ya pili langoni. Mwalimu wake, mtu mwema, alikubali aketi karibu na mlango, akawa anamwuliza akiwa kitini pake. Likizo ilipokwisha hofu ilirudi, tukaanza tena mwembeni, wala hatukumlaumu.

Juma lililopita aliitwa ubaoni. Mkono ulimtetemeka hata chaki ikavunjika. Akaokota kipande, akamaliza hesabu yake.