BONYEA: Kidole Kiko Wapi?

Katika mijadala yetu ya uhakiki tunapenda kushika maneno makubwa: dhamira, itikadi, usawiri. Maneno madogo tunayapita tu. Makala haya yanachukua neno moja dogo, bonyea, ili tutazame maana na matumizi yake, kisha tujiulize linatuhusu nini sisi wasomaji wa fasihi.

Tuanze na maana. Kitu kinachobonyea ni kile ambacho uso wake huingia ndani kinapogandamizwa. Mto wa sufi hubonyea, godoro la sponji hubonyea, parachichi lililoiva hubonyea. Wengi hudhani kubonyea ni sawa na kuwa laini. Hapana. Kitambaa cha hariri ni laini, wala hatusemi kinabonyea. Bati ni gumu, lakini debe likianguka hubonyea. Tena tusichanganye na kamua. Anayekamua ndimu anataka maji yatoke. Katika kubonyea hakuna kinachotoka, ni umbo tu linalobadilika.

Pili, njeo na hali. Kiswahili hakihitaji kivumishi maalumu cha vitu vya namna hii. Hu- na -me- zinatosha kabisa. "Godoro hili hubonyea" ni sifa, pengine sifa nzuri: ukiinuka linarudi. "Godoro hili limebonyea" ni lawama: limekwisha, halirudi tena. Kitenzi ni kilekile, ila silabi moja imegeuza tabia kuwa ubovu. Mfasiri asiyeliona hilo atamuuzia mtu godoro bovu!

Tatu, kauli. Bonyeza ni kauli ya kutendesha, kwa hiyo lazima awepo anayebonyeza. Ndiyo maana muuza parachichi akikasirika hasemi "mbona linabonyea?" Atasema, "mbona unabonyezabonyeza?" Anamtafuta mwenye kidole. Bonyea, kwa upande wake, ni kitenzi kisichochukua yambwa, nacho humficha mtenda. Kitu kinasimama peke yake kama kiima, utadhani kimejibonyeza chenyewe.

Hapa ndipo fasihi inapoingia. Katika hadithi zetu, mhusika maskini au mgonjwa mara nyingi huchorwa akiwa na mashavu yaliyobonyea. Sisi tunaandika harakaharaka kwamba mwandishi ametumia taswira kuonyesha umaskini, tunapata alama zetu, basi. Lakini nani kayabonyeza mashavu hayo? Njaa? Mwajiri? Bei ya unga? Ikiwa hadithi nzima haimtaji, basi sarufi yenyewe imeshiriki kumficha, na umaskini unaonekana kuwa tabia ya uso wa mtu, kama ulaini ulivyo tabia ya sufi. Ikiwa mwandishi anamtaja kurasa za mbele, basi bonyea ilikuwa kitendawili alichokitega makusudi, na msomaji aliyekipita bila kukijali hatautambua uzito wa jibu lake.

Sisemi kila bonyea ni siasa. Debe lililobonyea laweza kuwa debe tu. Ninachodai ni kwamba mhakiki asiishie kwenye bonyeo, atafute na kidole. Wenzangu wa isimu, kama mna hoja tofauti, uwanja ni wenu.