Unasomea mtihani wa ushuru? Anza na mpangilio, asilimia zitafuata

Kama uko Makutano pale Meru ama Majimbo kule Embu, na unasomea CPA ya KASNEB ama ile COP ya kukufungulia leseni ya uwakala wa bima, pengine kuna sura moja umeiruka mara tatu. Ushuru wa mtu binafsi. Ukurasa umejaa asilimia mpaka macho yanauma.

Sasa sikiza. Asilimia si shida kubwa. Kwenye karatasi ya ushuru ya KASNEB, jedwali la viwango huwa umechapishiwa. Kile hutachapishiwa ni mpangilio: nini kinatolewa kwenye mshahara kabla ushuru haujahesabiwa, na nini kinatolewa kwenye ushuru wenyewe.

Hivyo ni vitu viwili tofauti. Makato yanayoruhusiwa yanapunguza mapato yanayotozwa ushuru. Afueni inapunguza ushuru, shilingi kwa shilingi. Ukivichanganya, hesabu yote inaenda mrama.

Wacha tufanye moja pamoja. Tuseme umeajiriwa kwenye sako mjini Embu, mshahara Sh40,000 kwa mwezi.

Kwanza, makato. NSSF ni asilimia 6: Sh2,400. SHIF ni asilimia 2.75: Sh1,100. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5: Sh600. Jumla Sh4,100. Mapato ya kutozwa ushuru yanabaki Sh35,900.

Pili, viwango vilivyoanza Julai 2023. Sh24,000 za kwanza, asilimia 10: Sh2,400. Sh8,333 zinazofuata, asilimia 25: Sh2,083.25. Zilizobaki ni Sh3,567, asilimia 30: Sh1,070.10. Jumla Sh5,553.35. (Kiwango cha asilimia 30 kinaenda mpaka Sh500,000, kisha 32.5 mpaka Sh800,000, na 35 juu ya hapo. Wengi wetu hiyo tutaiona kwenye mtihani tu.)

Tatu, afueni. Kila mkazi anayelipa ushuru ana afueni ya kibinafsi ya Sh2,400 kwa mwezi. Toa. PAYE yako ni Sh3,153.35, na mkononi unabaki na Sh32,746.65.

Umeona mahali SHIF na ada ya nyumba zimekaa? Juu, kwenye makato. Hiyo ni kuanzia Desemba 27, 2024, sheria ya marekebisho ya ushuru ilipoanza kutumika. Kabla ya hapo ada ya nyumba ilikuwa inakupa afueni ya asilimia 15, huko chini. Kwa hivyo kama unasomea noti za kurithi kutoka kwa mtu aliyefanya mtihani mapema 2024, angalia tarehe kwanza. Ukisahau kutoa hizo mbili, PAYE hapo juu inapanda kwa Sh510. Na swali likisema mwaka fulani, tumia sheria ya mwaka huo.

Sasa tutoke kwenye mtihani kidogo, kwa sababu hii kitu ina watu ndani yake. Ukishapata cheti, utaketi mbele ya mteja na kumwambia, "Chukua hii, utapunguziwa ushuru." Je, ni kweli?

Mteja wa kwanza ni huyo wa Sh40,000. Ana Sh5,000 za kuweka kila mwezi. Akiziweka kwenye mpango wa pensheni uliosajiliwa, hizo ni makato (mwisho ni Sh30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwa ndani). Mapato yake yanashuka hadi Sh30,900 na anaokoa Sh1,428.35 za ushuru. Akilipia bima ya maisha kwa Sh5,000 hizo hizo, hiyo ni afueni ya asilimia 15 ya malipo, isiyozidi Sh5,000 kwa mwezi. Anaokoa Sh750. Karibu nusu. Si ati bima ni mbaya: akifariki kesho, bima ndiyo itakayolisha watoto, na pesa za pensheni zimefungiwa kwa ajili ya uzeeni. Lakini kama sababu uliyompa ni ushuru, mpe hesabu zote mbili.

Mteja wa pili anahudumu hotelini Nkubu kwa Sh20,000. Toa makato, anabaki na Sh17,950. Ushuru wake ni Sh1,795, na afueni ya kibinafsi ni Sh2,400. Ushuru umeisha kabla hujafungua mdomo. Ukimuuzia sera ya elimu ya miaka 10 ukimwambia atapunguziwa ushuru, umemuuzia hewa. Huwezi kupunguza sifuri. Na ni mtu kama huyo anayeweza kushindwa kulipa mwaka wa pili.

Mteja wa tatu anauza mitumba Gakoromone, ama muguka kule Kiritiri. Mauzo ni Sh100,000 kwa mwezi, yaani Sh1.2 milioni kwa mwaka. Huyo anaangukia ushuru wa mauzo, unaogusa biashara za kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Ni asilimia 3 ya mauzo, si ya faida: Sh3,000, zilipwe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapo hakuna kutoa gharama, na pensheni haipunguzi kitu, maana ushuru unaishia hapo hapo. Mshauri anayemletea huyu lugha ya PAYE hajamsikiliza.

Na wewe mwenyewe? Ukiwa wakala wa bima, kamisheni yako hukatwa asilimia 10 kabla haijakufikia. Kamisheni ya Sh20,000 inakuja ikiwa Sh18,000. Hizo Sh2,000 ni malipo ya mapema tu, ushuru wenyewe haujaisha. Unatangaza kamisheni nzima kwenye iTax kufikia Juni 30, na unadai kile kilichokatwa. Ukichelewa, faini ni Sh2,000 ama asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. iTax ikikusumbua, Huduma Centre iko Meru na iko Embu.

Basi usiku wa leo usikariri kitu. Chukua karatasi tatu, moja kwa kila mteja. Juu andika mapato, katikati makato, chini afueni. Piga hesabu bila kuangalia hapa. Kisha badilisha mshahara, weka wa mtu unayemjua, urudie. Ukifika mahali unajua kwa nini yule wa Nkubu hapunguziwi hata shilingi, karatasi ya ushuru haitakutisha sana, na yeye hatakutafuta baadaye akiuliza pesa zake zilienda wapi.