Kipokezi Kinachosoma Prufu

Aliyewahi kusoma prufu za kitabu anajua kwamba kosa lililoliponyoka jicho la kwanza huenda likanaswa katika usomaji wa pili au wa tatu. Wanabiolojia wameliazima wazo hilo la wapiga chapa kueleza kazi ya seli T, zinazoulinda mwili dhidi ya maradhi. Uazimaji huo, kwa mwanaisimu kama mimi, ni uhondo.

Juu ya utando wa seli T mna vipokezi vinavyogusa vipande vya protini. Aghalabu vipande hivyo ni vya mwili wenyewe. Vichache ni vya virusi. Tofauti kati yao ni ndogo mno: kimoja hushikamana na kipokezi kwa sekunde kadhaa, kingine hubanduka mapema. Seli ikikosea huku, ugonjwa hupenya. Ikikosea kule, mwili hujishambulia.

Mnamo 1995 Timothy McKeithan alitoa jibu la kihisabati, akiendeleza wazo la John Hopfield (1974) na Jacques Ninio (1975). Kipokezi, alisema, hakipigi mbiu papo hapo. Hupitia hatua kadhaa za kikemikali, na kipande kikibanduka kabla ya hatua ya mwisho, kazi yote huanza upya.

Hebu tupige hesabu kwa nambari za mfano tu. Kipande cha virusi kina uwezekano wa 0.9 kuvuka kila hatua. Cha mwili, 0.5. Tofauti haifiki hata mara mbili. Baada ya hatua 5 cha kwanza kina 0.59, cha pili 0.03: takribani mara 19! Mwanafunzi wa shule ya upili anayejua vipeo ataimudu hesabu hii. Hata hivyo, usahihi una gharama: kipande cha virusi chenyewe hushindwa mara 41 katika kila 100. Ongeza hatua, nayo seli itazidi kuchelewa.

Mwaka 2019 watafiti waliotumia mwanga kudhibiti muda wa kushikamana walipata matokeo yanayoafiki nadharia hii.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba maarifa ya aina hii. Mbona hesabu hiyo imebebeka? Tatizo langu ni neno "kipokezi", kwani mpokeaji hupokea tu, ilhali hiki hungoja na kupima. Sisemi ling'olewe, maana limekwisha kukita mizizi vitabuni. Ila mwalimu wa biolojia alifafanue hivyo, na siku hiyo amwalike darasani mwenzake wa hisabati.