Daktari wa Meno Avaapo Sare

Watu wengi wanapomfikiria tabibu wa jeshini, humwona mpasuaji aliyeinamia kitanda cha majeruhi. Ni wachache wamkumbukao daktari wa meno. Hata hivyo, askari aliyekesha kwa maumivu ya jino hawezi kulenga shabaha wala kushika lindo ipasavyo, na akiwa mstari wa mbele, mbali na kliniki, huenda akalazimika kurudishwa nyuma sawasawa na aliyepigwa risasi. Majeshi yalichelewa kulitambua jambo hili. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, askari wa miguu alihitaji meno ya mbele ili kurarua karatasi ya baruti kabla ya kushindilia bunduki yake. Pamoja na hayo, jeshi la nchi kavu la nchi hiyo halikuwa na kikosi chake cha maofisa madaktari wa meno hadi tarehe 3 Machi 1911. Wanamaji walifuata mwaka 1912.

Siku hizi kijana wa Kimarekani anayeitamani kazi hii huanza kupiga hesabu zake mapema. Masomo ya udaktari wa meno nchini humo huchukua kwa kawaida miaka 4 baada ya masomo ya kwanza ya chuo, na gharama yake ni ya kutisha. Wanaosoma kwa mkopo huhitimu wakiwa na deni ambalo kwa wastani linakaribia dola 300,000. Kutokana na sheria ya mwaka 1972, majeshi yana mpango wa kumlipia mwanafunzi ada, vitabu na vyombo, na kumpa posho ya kila mwezi. Naye huapa kiapo cha ofisa, akaahidi kutumika mwaka mmoja kwa kila mwaka aliolipiwa. Asomeshwaye miaka 4 hudaiwa miaka 4 ya utumishi kamili, na hata akiisha kuilipa, jina lake hubaki katika jeshi la akiba mpaka itimie miaka 8.

Hapo ndipo penye kufikiriwa sana. Fedha huonekana leo, lakini miaka haionekani mpaka ifike. Kijana wa miaka 22 anayetia sahihi anaweka rehani miaka yake ya 26 hadi 30, miaka ile ile ambayo watu wengi huoa na kuanza kulea. Mchumba wake, ambaye hakutia sahihi popote, naye atafungasha mizigo siku amri ya uhamisho itakapotoka. Haielekei kuwa busara kutia sahihi kabla ya kumwuliza huyo wa pili.

Akihitimu, daktari huyu haanzii chini. Jeshi la nchi kavu na jeshi la anga humpokea akiwa kapteni, na wanamaji humpa cheo chao cha luteni, ambacho kwa mshahara ni sawa na hicho. Lakini kapteni huyo hajui hata kupiga saluti vizuri! Kwa hiyo hupelekwa kwanza kozi: wa nchi kavu huenda Fort Sam Houston mjini San Antonio, Texas, na wa majini huenda Newport katika jimbo la Rhode Island. Huko hujifunza sheria za jeshi, kwata na namna ya kuongoza watu, kwani kliniki atakayoingia ina askari wasaidizi ambao wengine wameitumikia miaka mingi kuliko yeye, na watamtazama kwa makini.

Kisha huja swali la kituo cha kwanza. Ofisa huandika mapendekezo yake, na mahitaji ya jeshi hutangulia. Anaweza kuangukia kambi kubwa ya Texas, au Korea Kusini, au Ujerumani, au Okinawa huko Japani. Walio wengi hutazama jina la mahali, ilhali lililo muhimu zaidi ni nani atakayekuwa naye chumba cha pili. Aliyetoka shule ameziba na kung'oa meno chini ya jicho la mwalimu. Akipelekwa peke yake mahali padogo, jino litakapovunjika mzizi ndani ya taya hatakuwa na wa kumwita. Ndiyo maana mwaka mmoja wa mafunzo ya ziada katika kliniki kubwa, ambao majeshi huwapa baadhi ya wahitimu kwa mashindano, ni wa kupiganiwa kuliko kituo chenye ufuo mzuri.

Kazi yenyewe huwa nyingi, hasa penye kuruta. Vijana huja na meno yaliyooza tangu utotoni na magego ya mwisho yaliyolala upande. Kila askari huwekwa katika daraja moja kati ya manne. La kwanza ni la mwenye kinywa kizima, na la pili ni la mwenye kasoro isiyotazamiwa kuleta dharura ndani ya miezi 12. Wa daraja la tatu ana jino linaloweza kumwangusha ndani ya muda huo, na wa nne hajachunguzwa inavyotakiwa. Hawa wawili wa mwisho huhesabiwa kuwa hawako tayari kwenda vitani, na kamanda wao hutaka kujua kwa nini. Katika manowari kubwa za kubeba ndege daktari wa meno husafiri pamoja na mabaharia. Nyambizi haina nafasi ya daktari huyo, hivyo meno ya mabaharia wake hutengenezwa kabla hawajazama.

Familia nazo zina sehemu yake. Ndani ya Marekani mke na watoto wa askari kwa kawaida hutibiwa na madaktari wa kiraia kwa bima; ng'ambo kliniki ya jeshi ndiyo huwapokea, kadiri nafasi iruhusuvyo. Hivyo bingwa wa meno ya watoto ana uwezekano mkubwa wa kujikuta Japani au Ujerumani.

Ubingwa ndio njia panda ya kwanza. Mwenye kutaka kuwa mpasuaji wa kinywa na taya, au mtengenezaji wa meno ya bandia, au mtibu wa mizizi, anaweza kurudi masomoni huku akipokea mshahara wake wa ofisa. Ila miaka hiyo kwa kawaida haipunguzi deni la kwanza, na mara nyingi huliongeza. Njia panda ya pili ni uongozi. Umeja huja kwa kawaida baada ya miaka kama 6, kisha uluteni kanali na ukanali kwa wanaodumu, na kadiri nyota zinavyoongezeka ndivyo mikono inavyoondoka kinywani mwa mgonjwa na kuingia katika majalada. Wako madaktari hodari waliogundua wakiwa wamechelewa kwamba walipenda kuchonga meno kuliko kuamrisha.

Ipo pia kazi isiyotajwa sana. Picha za eksirei za meno huhifadhiwa, kwa kuwa meno hustahimili moto ambao mwili hauustahimili. Ndege ianguakapo na nyuso zisitambulike, daktari wa meno ndiye aulizwaye huyu ni nani, na neno lake ndilo huiwezesha familia kuzika mtu wake na si mtu wa wengine.

Tena vita havisomi vyeti. Ben Salomon, aliyehitimu udaktari wa meno huko California mwaka 1937, aliitwa jeshini mwaka 1940 akiwa askari wa kawaida wa miguu, akawa sajenti wa bunduki za rashasha, na mwaka 1942 akafanywa ofisa daktari wa meno. Katika kisiwa cha Saipan, mwaka 1944, daktari mkuu wa batalioni alijeruhiwa, naye Salomon akajitolea kushika nafasi yake. Alfajiri ya tarehe 7 Julai maelfu ya Wajapani walishambulia, wakafika hata ndani ya hema la majeruhi. Aliamuru majeruhi waondolewe, akabaki nyuma kuwakinga, akashika bunduki ya rashasha. Maiti yake ilikutwa kwenye bunduki hiyo, na mbele yake maiti 98 za adui. Kwa kuwa alikuwa ofisa wa tiba, kulizuka mabishano kama mtu wa namna yake angeweza kutunukiwa kwa kushika silaha, ingawa sheria za vita humruhusu tabibu kuwalinda wagonjwa wake. Nishani ya juu kabisa ya nchi yake ilitolewa mwaka 2002.

Walio wengi hawafikwi na siku kama ile. Siku yao ngumu huja katika mwaka wa mwisho wa deni, wakati barua ya kubaki au kuondoka inapotakiwa mezani. Uraiani kuna fedha zaidi kwa mwenye kliniki yake, na pango la nyumba ya kliniki, na mkopo wa viti. Jeshini mgonjwa haulizwi ana fedha ngapi, na pensheni hungoja kwenye mwaka wa 20. Lakini ile miaka 4 ya shule iliyolipiwa na jeshi haimo katika hesabu hiyo ya 20, jambo ambalo baadhi yao hulifahamu wakati mke amekwisha kuanza kuulizia shule za watoto katika mji waliokuwa wakidhani watahamia.